Maharage ya Bibi Minza

Shinyanga, Jumapili jioni

Mbuke mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua shangazi yako hatakuachia mpaka ule ugali wake na usikilize habari za goti lake tangu lilipoanza kuuma. Basi nina nafasi ya kuandika. Barua hii naiweka juu kabisa ya mkoba wako wa mkononi, juu ya karanga, ili uione basi likishaondoka stendi. Isome kabla hujafika Kahama. Ukishapanda gari la mradi pale Kahama utakuwa mtu wa watu, utaanza kuitwa mtafiti, na barua ya mama itawekwa mpaka upatikane wasaa.

Sikuandikii habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala kutopanda lori la mizigo. Hayo unayajua, na usipoyafuata malaria itakufundisha haraka kuliko mimi. Naandika kwa sababu ya Ijumaa. Ijumaa nilianza kukuambia jambo, ukanikata kalima: "Mama, hicho kisa cha Ushirombo nimekisikia tangu niko sekondari." Ulikisikia, ndiyo. Ulikisikia kwa majirani, kwamba kuna bibi aliuawa na watu wajinga. Kisa ninachokijua mimi hakina wajinga, Mbuke, na hilo ndilo linalonitisha.

Kwanza nikupe haki yako. Kazi yako nimeielewa. Usidhani nilikuwa nasinzia uliponieleza hapa mezani. Yai la kichocho linakwama kwenye ini la mtoto, mwili unalijengea ukuta, na katika ukuta huo wakubwa zenu wamekuta protini iitwayo galektini, yenye tabia ya kushika sukari ambazo seli zetu zimevaa kwa nje. Mnataka kujua kama inamsaidia mtoto au inamuumiza. Kwa hiyo mnahitaji damu ya watoto wa shule, wale wa vijiji vya kuzunguka Nyarugusu wanaoshinda kwenye madimbwi ambako baba zao wanaoshea mchanga wa dhahabu. Nilifurahi mpaka chai yangu ikapoa. Mwenzio binamu wa hiyo galektini nimemfundisha miaka mingi, tena bila darubini, na wewe ulikuwa unacheza rede nje ya dirisha la darasa langu.

Binamu huyo anakaa kwenye maharage mekundu. Chuo chetu cha ualimu, unakikumbuka, kilikuwa na maabara yenye meza nzuri na makabati matupu. Wizara ilituambia tufundishe kwa zana za mazingira yetu. Wenzangu walilalamika, mimi nikasema haya, zana zipo. Nikawafundisha wanachuo kuloweka maharage mabichi, kuyatwanga kwenye kinu na maji ya chumvi, kuchuja kwa kitambaa cheupe. Kisha kila mmoja anajichoma kidole kwa sindano yake aliyoipitisha motoni, anadondosha tone la damu kwenye kipande cha kioo cha dirisha, anatia tone la yale maji. Damu inatulia kidogo, halafu inaanza kukusanyana. Inafanya chembechembe, huku maji yakibaki meupe pembeni.

"Weee, mkufunzi! Imekuwaje?" Kila mwaka lazima mmoja apige kelele hiyo. Nami nilikuwa naingoja, nakiri. Ndipo ninapowaambia habari za protini yenye mikono miwili, mmoja unashika sukari ya seli hii, wa pili sukari ya seli ile, mpaka seli zote zinafungana. Mkaguzi mmoja alikaa nyuma ya darasa, akatoka anatingisha kichwa, akasema somo lile lifundishwe nchi nzima. Nilivimba, mwanangu. Kwa wiki nzima hamkuweza kuniambia kitu humu ndani.

Alikuwapo mwanachuo aitwaye Lusekelo, Mnyakyusa, kijana mpole wa kutoka Rungwe, ambaye alikuwa hajawahi kuona ng'ombe wengi kiasi hiki wala mvua chache kiasi hiki. Mazoezi ya kufundisha yakampeleka shule moja ya msingi nyuma ya Ushirombo. Nyumba ya mwalimu ilikuwa imeezuliwa na upepo, hivyo akapokewa na bibi mmoja jirani na shule, Bibi Minza. Alikuwa mjane, watoto wake wa kiume wote walikuwa machimboni, na macho yake yalikuwa mekundu, ambayo huku watu huyaita ya mchawi, lakini ni kwa sababu alikuwa akipikia mabua ya pamba na samadi kwenye kijumba kisicho na dirisha kama wenzake wote wa rika lake. Alimpa Lusekelo chumba, akampa michembe ya viazi vitamu asubuhi na ugali jioni. Na alipoombwa maharage kwa ajili ya somo, akampimia kibaba kizima, akasema mwalimu wa watoto hanyimwi.

Lusekelo akalifundisha somo langu kama nilivyolifundisha, hatua kwa hatua. Watoto wa darasa la saba walinyoosha vidole kwa furaha. Kufumba na kufumbua, msichana mmoja wa darasa lile akashikwa na homa, ikampanda kichwani, akafariki.

Wewe umesoma, utasema ilikuwa malaria. Mimi pia nasema ilikuwa malaria. Lakini kijiji kile nusu ya vijana wake walikuwa wachimbaji, na huko machimboni duara, yaani shimo la kuchimbia, likikataa kutoa dhahabu watu hawasemi mwamba umekwisha. Wanasema duara linataka kitu. Kwa hiyo watu walipopanga habari zao, zilipangika vizuri: mwalimu mgeni anachoma watoto vidole, damu inachukuliwa, mtoto anakufa, watoto wa kiume wa bibi wako machimboni, na mwalimu huyo analala kwa nani? Niambie Mbuke, ungekuwa mama wa yule msichana, hukujua kingine chochote, ungekosea wapi katika hesabu hiyo?

Lusekelo alikuja kwangu hapa Shinyanga amekonda kwa safari. Alisema sungusungu wameitisha mkutano, na bibi ametakiwa kufika. Nikasema usiogope, twende, nitawaelimisha. Nilisema hivyo hivyo, "nitawaelimisha". Nikachukua gari la chuo, dereva, kioo changu, sindano zangu, na kitambaa changu cheupe nilichokifua na kukipiga pasi.

Tulifika mapema tukapitia kwa Bibi Minza. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono muda mrefu. Nikamwomba maharage mengine kutoka ghala lile lile, nikiwa nimekwisha kupanga kichwani: watu wataona hakuna ujanja, ni maharage yale yale, kinu chake kile kile, mchana kweupe. Akanipa. Aliniita "mayu", mama, ingawa mimi ndiye niliyekuwa sawa na binti yake.

Mkutano ulikuwa wa utulivu. Sungusungu walikaa na pinde zao magotini, mtemi wao mzee mmoja mwenye sauti ndogo, na kina mama walikaa upande wao. Hakuna aliyepiga kelele. Ningesikia kelele labda ningeogopa, na kuogopa kungenisaidia. Nilisimama nikafundisha kwa Kisukuma changu cha Maswa, na kila mtu alinisikia, usije ukadhani lugha ndiyo iliyokosea. Nikajichoma kidole changu mwenyewe. Nikatia maji ya maharage. Nikainua kioo juani nikapita nacho mbele yao, safu kwa safu, damu yangu ikikusanyana wanaiona kwa macho yao.

Mtemi akasema, "Tunakushukuru mwalimu. Umekuja mwenyewe, hukutuma mtu. Sasa tuulize. Maharage haya ni ya nani?"

"Ni yale yale ya Bibi Minza. Nimeyatoa ghalani kwake asubuhi hii."

"Na damu hii ni yako, mtu mzima, mwenye afya."

"Ni yangu."

"Na imefanya hivi."

"Damu yoyote itafanya hivi, mzee. Lakini maharage yakichemshwa vizuri nguvu hiyo inakwisha, ndiyo maana tunakula hatudhuriki."

"Kumbe yana nguvu," akasema, na kina mama wakaguna pamoja.

Nikaanza kueleza upya. Nikachora chini kwa kijiti, seli na mikono ya protini. Unaniona? Mwalimu hodari nimeinama mavumbini nachora viduara, na kila nilivyozidi kuchora ndivyo walivyozidi kuelewa kwamba jambo lile ni la kweli. Walikuwa wamekuja na tetesi. Mimi nikawapa ushahidi.

Ndipo Bibi Minza alipoinuka. Akaja mpaka pale nilipo, akanipa kidole chake. "Tia na yangu," akasema, "waone nami ni mtu." Nikamchoma. Damu yake ikakusanyana vilevile, tena haraka. Nikasema, mnaona, hata yake! Nikadhani hapo sasa nimeshinda. Nyuma kijana mmoja akasema taratibu, "Imemtambua mwenyewe wake." Nilimsikia. Nililisikia neno lile na nikalipuuza, kwa sababu mtemi alikuwa anafunga mkutano kwa adabu, akisema wamefundishwa, wamesikia, watakwenda kufikiri.

Bibi Minza alinisindikiza mpaka kwenye gari. Akanishukuru, "Wabeja, mayu. Umefundisha vizuri. Wamekuelewa wote." Hakusema kwa kejeli. Alikuwa ametulia kama mtu aliyekwisha kusikia hukumu, na mimi nikamwona kama mtu aliyetua mzigo. Nafasi kwenye gari ilikuwapo. Lusekelo nilirudi naye Shinyanga, kwa kuwa alikuwa wangu, mwanachuo wangu, ningeulizwa habari zake na mkuu wa chuo. Bibi hakuwa wa mtu. Dereva alisema tuwahi daraja, tukaondoka, na njiani tulinunua karanga, tukala, nikamwambia Lusekelo, "Umeona sasa? Watu wanahitaji kuonyeshwa tu." Maneno hayo nimeyasema kwa mdomo huu.

Habari zilitufikia kabla wiki haijaisha. Walikuja na mapanga. Sitakuandikia zaidi ya hapo. Lusekelo alikunja nguo zake, akaacha andalio la somo mezani bwenini, hakurudi darasani tena. Mara ya mwisho nilisikia anachimba Nyarugusu, huko huko unakokwenda. Ukimkuta usimtaje bibi kwanza; msalimie, mwambie mama wa chuoni anamkumbuka.

Nami niliendelea kufundisha. Watu huuliza uliwezaje. Niliweza kwa kuwa mshahara ulihitajika na wewe ulikuwa na ada. Somo la maharage nililiacha. Wanachuo waliokuja baadaye walinijua kama mkufunzi mkali anayewauliza jambo moja kabla hawajagusa zana yoyote: hapo unapokwenda kufundisha, watu wanaogopa nini? Wengi waliona ni swali la siasa. Wachache waliandika "sijui", nami hao niliwapa alama za juu.

Sasa nifike kwenye linaloniwasha. Juzi nilikuwa Kahama, kule Nyahanga, kwa rafiki yangu Mama Shija anayeuza nyanya na dagaa. Tumekaa, tunacheka, akaniambia, "Umesikia? Kuna gari jeupe linakuja kutoa watoto damu. Wanasema inapelekwa kwenye maduara." Nikamuuliza nani anasema. "Watu," akajibu, akaendelea kupanga nyanya zake. Gari lenu halijafika hata Kahama, Mbuke, na habari zake zimelitangulia. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Niliporudi hapa nikakukuta unapanga nguo na unaimba.

Ukaniambia, "Mama, siku hizi watu wameelimika. Halafu tuna vibali, tuna mwenyekiti wa kijiji, tuna karatasi ambazo kila mzazi anaelezwa ndipo anaweka dole gumba." Ni kweli, na ni vizuri sana, sisi hatukuwa na hata hilo. Zisomeni kwa sauti, kwa Kisukuma na kwa Kizinza. Jichomeni wenyewe kwanza kama lazima, ingawa unajua sasa mimi siamini sana jambo hilo. Na mtu akiuliza, usikimbilie kuonyesha. Muulize yeye kwanza anadhani mnaifanyia nini ile damu, kisha nyamaza mpaka amalize, hata akisema jambo la kukufanya ucheke.

Lakini si wewe ninayekuogopea zaidi. Usikasirike. Wewe ukitishwa utapanda gari, gari litawaka, kesho yake utakuwa hapa unakula wali. Namuogopea yule mama utakayefikia kwake. Ulinisimulia kwa furaha jana: nyumba ya wageni ina kelele za baa na wachimbaji, kwa hiyo mwenyekiti amekutafutia mama mmoja mtu mzima, mjane, anaishi peke yake, nyumba ya bati, safi, na amekataa kupokea kodi. Anataka tu mtu wa kuzungumza naye jioni. Ulisema, "Mama, wewe mwenyewe ungempenda." Nilitoka nje kama naanua nguo. Nguo zilikuwa hazijakauka.

Wahenga wamesema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimeona mgeni akija na mwenyeji asipone.

Huyo mama hajui unakuja na nini. Anajua anakuja binti msomi wa serikali. Hajui kwamba jioni utaingia nyumbani kwake na lile sanduku la barafu lenye vichupa vya damu ya watoto wa jirani zake, na kwamba watu watahesabu nani anaingia, nani anatoka, na taa ya nani inachelewa kuzimwa. Hajui kwamba mtoto yeyote atakayeugua mwezi huo, kwa ugonjwa wowote, atapitishwa mlangoni kwake kwa maneno. Wazazi wa watoto mna karatasi zao. Karatasi ya huyo mama iko wapi? Kwenye utafiti wenu wote mkubwa, wenye wataalamu na vibali, kuna mtu hata mmoja aliyemuuliza?

Kumuuliza Bibi Minza hakuna aliyewahi, nami nilikuwa wa kwanza kati ya wasiomuuliza. Nilimwomba maharage tu.

Sikuzuii kwenda. Kazi hii ni njema, na watoto wale wana matumbo yaliyovimba. Mtu lazima aende. Ninakuomba jambo moja, na ninakuomba kama mtu anayejua. Ukifika kwa huyo mama, usishushe mzigo. Mwamkie, mwombe mkae pembeni mahali watu hawasikii, umweleze yote: sindano, damu, barafu, na haya maneno ya Nyahanga. Mweleze na habari za Bibi Minza, mwambie, "Ni mama yangu aliyefanya." Usizipunguze ili akupende. Kisha mwache achague.

Akisema ingia, ingia, na mkae macho wote wawili. Akinyamaza, au akitazama barabarani kabla ya kukujibu, mshukuru uondoke. Kalale shuleni, sakafuni, juu ya madawati, popote. Na kesho yake mkikutana kisimani mbele za watu, mwanangu, fanya jambo ambalo sikukulea ulifanye: mpite kama humjui, usimwamkie.

Mama yako